Ng'ombe kavimba bega baada ya chanjo, mzee anadai arudishiwe hela. Tujadili mchochota

Binti_Uyole (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya.

Mimi ni muuguzi, kliniki ya mama na mtoto, hapa Mbeya. Nyumbani ni Uyole, baba anafuga ng'ombe watatu wa maziwa bandani. Wiki tatu zilizopita mmoja wao, anaitwa Subira, alichanjwa homa ya mapafu. Siku ya pili maziwa yakashuka kutoka lita 11 hadi 8, baba akanuna. Siku ya kumi na sita, nyuma ya bega, pale pale sindano ilipoingia, pakatoka nundu. Jumapili nilipokwenda niliibonyeza: ngumu, ya moto, ukubwa wa kokwa la parachichi. Ng'ombe akageuza shingo akanitazama vibaya nikaondoa mkono.

Baba ana hoja mbili. Ya kwanza, kachomewa chanjo feki na anataka hela yake. Ya pili, ana chupa ya OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya mifugo) kabatini na ataichoma leo leo. Ile chupa nimemnyang'anya, ipo kwenye mkoba wangu hadi sasa. Niliyomwambia baba ndiyo yale yale ninayowaambia akina mama kila asubuhi, wenye watoto waliovimba paja baada ya penta (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja), nikaona niyalete hapa.

Kinachotokea pale kinaitwa mchochota. Neno si maarufu, najua, ila tukisema "uvimbe" watu wanawaza kansa. Celsus, Mroma wa karne ya kwanza, aliutaja kwa dalili nne ambazo wanafunzi wa uuguzi tunakaririshwa mpaka leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa Subira nilizikuta tatu. Wekundu sikuuona kwa sababu ni mweusi.

Wengi wetu tunadhani mchochota ni gharama ya chanjo, kama nauli: unalipa maumivu ili ufike kwenye kinga. Mimi naona si nauli, ni gari lenyewe. Chini ya ngozi kuna chembe za ulinzi zinazokaa hapo siku zote. Zikimgusa mgeni zinamwaga kemikali za kuita wenzake. Mishipa midogo ya damu inalegea, maji na chembe nyeupe vinavuja kuingia kwenye nyama, panavimba. Kisha kuna seli dendritiki: hizi zinameza kipande cha mgeni, zinafunga safari mpaka kwenye tezi (zile zinazovimba tukaziita mitoki) na kukionyesha kwa chembe zinazoamuru kingamwili zitengenezwe. Bila zile kelele za mwanzo, seli hizi haziondoki, au zikifika tezini hazisikilizwi. Mbwa asipobweka, mwenye nyumba haamki.

Jambo hili lilionekana kwa wanyama kabla ya watu. Miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon, daktari wa mifugo, alikuwa akichoma farasi sumu ya dondakoo iliyopunguzwa makali ili avune damu yenye kinga. Akaona farasi waliofanya jipu pale palipochomwa ndio waliotoa kinga nyingi. Basi akaanza kuwavimbisha makusudi! Alichanganya chanjo na makombo ya mkate na tapioka, yaani wanga wa muhogo. Mwaka 1926 Mwingereza Alexander Glenny akafanya hivyo kwa shabu, hii hii ya vinyozi. Madini ya jamii hiyo, chumvi za alumini, yamo kwenye penta tunayochoma leo. Tuyaite vichocheo.

Sababu ya vichocheo kufanya kazi haikujulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1989 Mmarekani Charles Janeway aliwaumbua wenzake kwa kuviita siri chafu ya wataalamu wa kinga: kila mtu anaviweka, hakuna anayetaka kukiri kwamba bila hivyo chanjo yake hailii. Yeye akasema mwili hauamki kwa ugeni peke yake, unaamka ukinusa hatari. Vipokezi vya kunusia hatari vikaja kupatikana, na mwaka 2011 Jules Hoffmann na Bruce Beutler wakapewa Nobeli kwa kazi hiyo, pamoja na Ralph Steinman wa seli dendritiki.

Mnaotaka ushahidi wa kliniki chukueni kifaduro. Chanjo ya zamani ilikuwa na bakteria mzima aliyeuawa, na ilileta homa na paja kuvimba. Nchi tajiri zikahamia miaka ya 1990 kwenye chanjo ya vipande vilivyosafishwa, tulivu, watoto hawalii sana. Kinga yake ikaonekana kuisha mapema, na California ikapata mlipuko mkubwa wa kifaduro mwaka 2010. Penta yetu bado ni ya bakteria mzima. Ndiyo maana mwanao analia usiku ule.

Nani humu ameshaona nundu kama ya Subira? Na daktari wa mifugo kama yumo, anisahihishe. Mimi ni wa watu, si wa ng'ombe.

Kijana_Mafinga

Naweka kambi. Mods msiunganishe huu uzi na wa kuku.

Mfugaji_Tukuyu

Ugonile dada. Umeandika vizuri ila nina swali la uchungu. Mwaka juzi walipita kijijini kwetu kuchanja. Mchanjaji alitumia sindano moja kuanzia nyumba ya kwanza mpaka kwangu. Nina watatu, mmoja akavimba shingo, pakalainika, kikatoka usaha kikombe kizima, unanuka. Sasa na huo ni mchochota wa kheri? Maana naona mnatufundisha kushukuru kila tukivimbishiwa.

Binti_Uyole

Pole kaka. Hapana, huo si wa kheri. Hilo ni jipu la uchafu wa sindano, halina uhusiano na kilichokuwa ndani ya kichupa. Mchochota wa chanjo ni mgumu, unakaa mahali pamoja, unapungua taratibu. Wa jipu unalainika katikati, unanuka, mnyama anapata homa na kuacha kula. Kwa watoto ni hivyo hivyo: paja likiwa jekundu na kukua baada ya siku ya tatu, au likitoa usaha, mrudishe mtoto, usisubiri tarehe ya kadi.

Na hapo sitetei mchanjaji wa sindano moja. Kuna magonjwa yanahama na damu, ndigana baridi ni mojawapo. Mkimwona tena mwambieni abadilishe sindano, mkiona aibu kumwambia nunueni zenu.

Vet_Lyandembela

Kamwene. Niko Iringa, kazi yangu ndiyo hiyo. Dada kaeleza vizuri, nasahihisha mawili.

La kwanza, chanjo ya homa ya mapafu haina kichocheo chochote. Ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, vinajichochea vyenyewe. Mbegu yake inaitwa T1/44: ilichukuliwa kwa ng'ombe wa hapa hapa Tanganyika mwaka 1951, na hiyo 44 ni idadi ya mara ilizopitishwa kwenye mayai ya kuku kupunguza makali. Inatumika sana Afrika. Nundu wiki ya pili mpaka ya nne ni jambo linalojulikana, hata jina lina: tunaiita kwa jina la Willems, Mbelgiji aliyekuwa wa kwanza kuandika habari zake mwaka 1852. Yeye alichukua maji ya mapafu ya ng'ombe mgonjwa akachanja ncha ya mkia. Kwa nini mkia? Kwa sababu ni mbali na mwili na ni baridi, mchochota unakosa pa kutanukia. Wengine mikia ilikatika, wengine walikufa, waliobaki hawakuugua. Ukiona nundu ya Subira kumbuka waliopoteza mikia.

La pili, OTC. Siku chache baada ya chanjo, usithubutu. Dawa inaua vijidudu vya chanjo kabla mwili haujajifunza, umetupa hela. Hapo binti yuko sahihi kumnyang'anya mzee. Lakini ikifika wiki ya tatu nundu inatanuka kuelekea kifuani, ng'ombe hali, basi ni mgonjwa na anatibiwa, na hiyo OTC inaweza kuwa ndiyo dawa. Aamue daktari aliyemwona mnyama. Na akitibiwa, maziwa yamwagwe siku zilizoandikwa kwenye chupa, msiwapelekee watu mtaani.

Mzee_wa_Makambako

Vijana mnanichanganya. Chanjo ya ndigana kali mnamchoma ng'ombe chanjo huku sikio hili, na OTC huku, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Nimeshuhudia kwa macho yangu na nililipa. Leo mnasema OTC inaua chanjo. Lipi ni lipi?

Vet_Lyandembela

Shikamoo mzee. Swali zuri kuliko yote humu.

Ndigana kali ni kinyume cha homa ya mapafu. Kwenye kile kichupa hakuna mdudu aliyedhoofishwa, kuna mdudu mwenye makali yake yote, aliyetolewa kwenye kupe waliosagwa. Njia hiyo ilitengenezwa Muguga, Kenya, ndiyo maana wengine wanauita mchanganyiko wa Muguga. Ukimchoma ng'ombe hiyo peke yake, unamuua. OTC ya siku hiyo, ile nzito inayokaa mwilini muda mrefu, haimuui mdudu wote. Inamfunga miguu ili ang'ate kidogo, tezi zivimbe kidogo, mwili ujifunze. Tezi ya chini ya sikio ikivimba kidogo wiki ya pili ni sawa. Ikivimba sana na homa ikapanda, ndipo tunarudi na dawa ya kutibu.

Kwa hiyo mzee dawa ni ile ile. Kwa homa ya mapafu mdudu ameshafungwa miguu kwenye mayai ya kuku, ukiongeza OTC unamuua kabisa. Kwa ndigana tunamfunga sisi siku ile ile.

Mzee_wa_Makambako

Marahaba. Hapo nimeelewa. Ningeambiwa hivyo siku ile nisingegombana na yule kijana.

Mama_Wawili

Da Binti nisaidie. Mwanangu wa pili ana wiki 10, kesho ni penta ya pili. Ya kwanza alilia usiku kucha. Mama mkwe anasema nimpe panadol ya maji asubuhi kabla ya kutoka nyumbani ili asisikie. Nimpe?

Binti_Uyole

Usimpe kabla, dada. Hili lilipimwa na majibu yake yalitoka mwaka 2009: watoto 459 huko Jamhuri ya Cheki, nusu wakapewa parasetamoli wakati wa chanjo na nusu hawakupewa. Waliopewa walipata homa kidogo, ni kweli. Lakini kingamwili zao kwa magonjwa kadhaa zilikuwa chini kuliko za wenzao. Wengi walibaki na kinga ya kutosha, kwa hiyo kama ulishampa mara ya kwanza usijilaumu. Ila hakuna sababu ya kumnyamazisha mbwa kabla hajabweka.

Baadaye usiku akiwa na homa kweli, au analia hanyonyi, mpe, kwa kipimo cha uzito wake. Mwulize muuguzi akuandikie kwenye kadi. Mnyonyeshe sana. Paja usilikande kwa maji ya moto, usilisugue, na ile habari ya kubandika kitunguu iacheni. Kesho mkishachomwa kaeni pale kliniki angalau dakika 15 kabla ya kuondoka, hata kama daladala iko getini. Akibadilika pumzi au akilegea, turudishieni haraka.

Mama mkwe mpelekee salamu, usimwambie umeambiwa na mtandao.

Mchokozi_Sido

Chai. Alumini hiyo hiyo ya sufuria mnawachoma watoto halafu mnasema kichocheo. Ndiyo maana watoto wa siku hizi kila mtu ana pumu na mzio.

Binti_Uyole

Mwaka 2025 Wadenmark walitoa utafiti wa watoto zaidi ya milioni 1.2. Waliangalia kiasi cha alumini alichopata kila mtoto kwenye chanjo na magonjwa 50 ya muda mrefu, pumu na mzio yakiwemo. Hawakuona kwamba aliyepata zaidi anaugua zaidi. Ukiwa na utafiti mwingine mkubwa kama huo ulete, tutausoma.

Kijana_Mafinga

Vet, kuna kichocheo kingine zaidi ya shabu? Nimesoma somewhere kwamba chanjo ya malaria ina sabuni.

Vet_Lyandembela

Andika Kiswahili kijana. Umekaribia, ni gome la mti. Kuna mti wa Chile unaitwa Quillaja, gome lake ukilisugua kwenye maji linatoa povu, wenyeji walikuwa wanafulia. Povu hilo ni saponini. Wa kwanza kunufaika walikuwa ng'ombe: mwaka 1974 Mdenmark Kristian Dalsgaard aliisafisha ikawa kichocheo cha chanjo za mifugo, ya miguu na midomo ikiwemo. Wakati huo ilikuwa kali mno kwa binadamu. Ikaendelea kuchujwa sehemu kwa sehemu mpaka ikapatikana inayovumilika, na leo saponini ya mti huo imo kwenye chanjo zote mbili za malaria, RTS,S iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na R21 ya mwaka 2023. Mtoto wa Kyela na ng'ombe wa Kyela wanaweza kuchochewa na gome moja.

Na msisahau BCG, chanjo ya kifua kikuu. Calmette alikuwa daktari wa watu, Guérin alikuwa daktari wa mifugo kama mimi. Walichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe wakakiotesha juu ya vipande vya viazi vilivyolowekwa kwenye nyongo ya ng'ombe, wakakihamisha mara 230 kwa miaka 13, mpaka makali yakaisha. Viazi mviringo, hivi vya kwenu Uyole. Lile kovu la begani mnaloonyeshana ni mchochota uliokauka.

Mfugaji_Tukuyu

Kwa hiyo tukivimba sana ndiyo kinga nyingi? Mbona mimi ya UVIKO sikuvimba hata kidogo, nilipigwa changa?

Binti_Uyole

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanateleza. Mbwa anayebweka usiku kucha naye hafai, mwenye nyumba anaziba masikio. Katalin Karikó na Drew Weissman walikwama hapo: mRNA ya kawaida, yaani ujumbe wa kuziambia seli zitengeneze nini, ukiichoma, mwili unawaka kiasi kwamba ujumbe wenyewe unaharibiwa kabla haujasomwa. Mwaka 2005 walionyesha kwamba ukibadilisha herufi moja ya ujumbe, mwili unatulia. Bila hilo chanjo za UVIKO za aina hiyo zisingekuwepo, na Nobeli walipata 2023. Kuna na mchanganyiko wa mafuta na bakteria waliouawa aliobuni Jules Freund, unachochea kupita vyote, na binadamu hachomwi kwa sababu unamtoboa vidonda.

Kutovimba si kukosa kinga. Seli zinaweza kufanya kazi bila wewe kusikia. Na kuitikia chanjo nako si kukingwa. Hapa hapa Mbeya, kituo cha utafiti cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kilishiriki majaribio ya PrEPVacc ya chanjo ya UKIMWI, pamoja na Dar es Salaam, Masaka na Durban. Novemba 2023 sindano zikasimamishwa kwa sababu ilionekana hazitazuia maambukizi. Waliojitolea walivimba mikono kama kawaida. Nawaheshimu sana wale watu.

Kijana_Mafinga

Kuna utafiti wa pombe pia niliusikia redioni, kwamba mbege inashusha mchochota. Vipi ulanzi? Naulizia rafiki.

Binti_Uyole

Rafiki yako namfahamu. Utafiti upo, ulitoka 2025, ulifanyika Kilimanjaro kwa wanaume vijana 77. Waliokula vya asili vya kijijini wakahamishiwa vyakula vya kizungu vya kukaanga na ngano nyeupe kwa wiki mbili: viashiria vya mchochota kwenye damu vikapanda. Wa mjini waliohamishiwa vya asili vikashuka. Kundi la tatu walikunywa mbege kwa wiki moja, nako kukawa na nafuu. Ulanzi haukupimwa, na komoni haikupimwa. Usije ukamwambia mkeo muuguzi kaandika.

Ila kuna uhusiano na mada. Mchochota wa chanjo unakuja na kuondoka. Ule wa chini chini usioisha, wa minyoo, uzito, maambukizi ya mara kwa mara, ndio unaoharibu. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha chanjo ya homa ya manjano kwa watu wa Entebbe na wa Lausanne, Uswisi. Wa Entebbe waliitikia kidogo, na miili yao ilikuwa tayari imewaka kabla ya sindano. Kelele zikiwa za kila siku, mgeni mpya hasikiki.

Vet_Lyandembela

Kwa ng'ombe tunasema hivyo hivyo: usichanje mnyama mgonjwa, aliyekonda, aliyejaa kupe. Nyie mnamleta akiwa hoi mnasema "mchome tu atapona". Chanjo si dawa ya kutibu.

Mama_Wawili

Nimerudi kliniki jana. Sikumpa panadol. Alilia mpaka saa nne, akalala. Mama mkwe hajui.

Binti_Uyole

Mrejesho, wiki mbili baadaye.

Nundu ya Subira ilikuwa kokwa la parachichi, ikawa kama limau, leo nimeitafuta kwa vidole nikapata kitu kama punje ya haragwe, hakina joto. Maziwa yalirudi lita 11 ndani ya siku nne tangu chanjo, kumbe baba alikuwa anajua na hakuniambia. Kwenye kalenda ya ukutani ameandika kwa kalamu nyekundu "SUBIRA KACHANJWA", na chini yake tarehe ya mwaka ujao. Hela haidai tena.

Anachodai sasa ni chupa yake ya OTC.

Mzee_wa_Makambako

Mrudishie mzee mali yake, binti.